Gugu Lililodhaniwa Kiazi

Kwa miaka thelathini na mmoja Gia alikuwa mtu wa barabara. Jina hilo alibandikwa na utingo wake wa kwanza, aliyesema hajapata kuona dereva wa lori anayebadilisha gia kwa upole namna ile, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Jina likashika, likalifunika lile alilopewa na wazazi wake. Nyumbani alikuwa akifika kama mgeni: mikono imejaa zawadi, mdomo umejaa hadithi, mkoba umejaa nguo chafu. Siku mbili analala na kula na kucheka na watoto, ya tatu lori linanguruma nje na yeye huyoo.

Alipostaafu alijiambia kwamba sasa atakaa kitako kama watu wengine. Akanunua kiti cha kamba, akakiweka barazani. Hakukikalia hata miezi miwili.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu kwa sababu ya binti yao mkubwa, alipanda juu ya stuli kutundika mapazia. Stuli ikateleza. Gia alisikia kishindo akiwa bafuni, akatoka na povu la sabuni shavuni, akamkuta mkewe sakafuni ameuma midomo, mguu umekaa vibaya. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Hospitali walimfanyia upasuaji, wakamwekea chuma, wakamrudisha nyumbani na sharti moja: asikanyagie mguu ule kwa miezi miwili na zaidi.

Basi kitanda kikahamishiwa sebuleni, karibu na dirisha la barabarani, ili mgonjwa asione upweke. Gia akajifunza kupika, kufua, na kumgeuza mkewe kitandani bila kumwumiza. Hayo yote aliyamudu. Kilichomtoa jasho ni bustani.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi, hatua ishirini kwa kumi na tano, ambacho Mama Mwalimu alikilima tangu watoto wakiwa wadogo. Palikuwa na matuta ya nyanya, bilinganya, maharage na kabichi, na kila tuta lina mistari iliyonyooka kama daftari. Gia alikuwa akila mazao yake miaka yote hiyo, lakini ukimwonyesha mche wa bilinganya na mche wa nyanya, hajui upi ni upi.

"Usiogope, baba," mkewe alimwambia kutoka kitandani. "Wewe mwagilia, palilia, halafu uje uniambie umeona nini. Macho yangu ndiyo wewe."

Kila asubuhi, basi, Gia alizunguka bustani na kurudi kutoa taarifa kama mlinzi anayekabidhi lindo. Nyanya zimetoa maua. Kabichi ina tundu moja. Paka wa jirani amelala kwenye maharage. Mkewe alisikiliza amefumba macho, na Gia aliona wazi kwamba kwa dakika zile chache hayuko sebuleni tena, yuko kule nyuma anatembea kati ya matuta yake.

Wiki ya tatu aliona kitu kipya. Pembeni mwa uzio, karibu na nyanya, palitokeza mmea mwembamba unaotambaa, wenye majani madogo ya kijani na maua meupe yenye wekundu kidogo, umbo la tarumbeta, kila moja ukubwa wa kizibo cha chupa. Gia alichutama akautazama. Maua yale aliyafahamu! Katika safari zake alipita mashamba ya viazi vitamu yasiyo na mwisho, na maua yake yalikuwa hivyo hivyo.

Akaingia sebuleni anatabasamu. "Mama, leo nina habari. Viazi vitamu vimeota vyenyewe pale uzioni."

"Viazi? Mimi sijapanda viazi mwaka wa ngapi huu."

"Ndiyo nakwambia, vyenyewe! Vina maua kama tarumbeta, vinatambaa."

Mama Mwalimu alifikiri kidogo. "Huenda kuna kipande kilibaki ardhini. Haya, ni riziki hiyo. Viache. Vimwagilie."

Gia akavimwagilia. Na si kumwagilia tu: alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu chake mwenyewe, hata akavichomekea vijiti ili vipande vizuri. Vikapanda. Vikapanda vijiti, vikapanda uzio, vikashuka upande wa pili, vikashika mashina ya nyanya na kuyazunguka mara tatu, mara nne, kama mtu anayefunga mzigo. Wiki ya saba nyanya zilikuwa zimeinama zote, majani ya manjano, na matunda yaliyobaki hayakuzidi ukubwa wa gololi. Maharage nayo yalikuwa yameanza kutekwa.

Ndipo Gia alipochukua jembe kwenda kuchimba hivyo viazi vyake, avitoe mapema, aokoe nyanya. Alichimba hadi magotini. Hakukuta kiazi hata kimoja. Alikuta nyuzi nyeupe, nene kama kamba za viatu, zinazokatika ukizishika tu, na kila moja ikishuka chini zaidi ya pale jembe lilipofika.

Alisimama pale na uzi mweupe mkononi, jasho likamkauka. Alijua amefanya kosa. Hakujua kubwa kiasi gani.

Sasa hapa, badala ya kuingia ndani na kusema ukweli, Gia alifanya mambo mawili ambayo baadaye alipenda kuyasimulia yeye mwenyewe, akijicheka. La kwanza, alimwambia mkewe kwamba nyanya zinaendelea vizuri. La pili, alikwenda kwa jirani yake fundi pampu kuazima trekta lake dogo, lile la kusukuma kwa mikono.

"Una bustani au una shamba?" fundi pampu alimwuliza.

"Nina vita," Gia alisema.

Na kwa kweli, mara injini ilipowaka, alisikia damu inamchemka. Kwa karibu miezi miwili alikuwa ameshika vijiko na mashuka. Leo ameshika usukani wa kitu kinachonguruma. Aling'oa nyanya zilizokufa na maharage yaliyokuwa yakienda kufa, akaipitisha mashine juu ya nusu nzima ya bustani, akaenda, akarudi, mpaka udongo ukawa laini kama unga. Mabaki ya mizizi na mashina akayatupa kwenye shimo la mboji la mkewe.

"Unafanya nini huko nyuma na makelele hayo?" Mama Mwalimu alipaza sauti.

"Natayarisha udongo wa msimu ujao!"

Siku kumi na mbili udongo ule ulikaa msafi, mweusi, unapendeza. Gia akaanza hata kupiga miluzi. Siku ya kumi na tatu aliona vichwa viwili vya kijani. Siku ya kumi na nne, thelathini. Baada ya wiki nyingine hakuweza kuhesabu tena: kila kipande cha uzi mweupe ambacho mashine ilikikatakata kilikuwa kimekuwa mmea mzima. Shimo la mboji nalo lilikuwa limeota nywele. Mwanzoni alikuwa na mimea mitano sita pembeni mwa uzio. Sasa alikuwa na nusu bustani.

Wakati huohuo mkewe alikuwa akipata nafuu. Daktari alimruhusu kusimama kwa magongo, hatua chache mwanzoni, halafu za kutosha kufika jikoni. Na kila siku Gia alizidi kutia chumvi kwenye taarifa zake. Nyanya zinaiva. Maharage yamebeba. Alishafika mahali ambapo mtu hawezi kurudi nyuma bila kuaibika, kwa hiyo akawa anasonga mbele tu.

Asubuhi moja akiwa anaosha vyombo, alisikia mlio wa magongo ukipita nyuma yake, ko, ko, ko, kuelekea mlango wa uani.

Mama Mwalimu alisimama mlangoni muda mrefu. Gia alimfuata na sahani mkononi, maji yakimdondoka kiwikoni.

"Nyanya ziko wapi?" mkewe aliuliza, polepole.

"Zilikufa."

"Lini?"

"Wiki ya saba."

"Na hizo ulizoniambia jana zimeiva?"

Gia aliitazama sahani aliyoishika. Alitegemea mkewe atapiga kelele, kelele angezivumilia. Lakini Mama Mwalimu alikaa kwenye kizingiti, akaweka magongo kando, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimelala pale nikiwaza nyanya zangu. Maumivu yakizidi nilikuwa nahesabu matuta. Ungeniambia zimekufa, Dereva, ningelia siku moja nikamaliza. Sasa nitalia nini? Nyanya, au wewe?"

Alimwita Dereva pale tu alipokuwa amekasirika sana. Gia aliketi chini, kwenye sakafu ya uani, akamweleza yote tangu mwanzo: maua, vijiti, nyuzi nyeupe, trekta. Alipofika kwenye kuvichomekea vijiti ili vipande vizuri, alisikia mkewe anatoa sauti ya ajabu. Alidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka huku amejishika mguu kwa sababu kicheko kiliuumiza.

"Ukavijengea na ngazi!" alisema akifuta macho. "Na mimi nikakwambia uvimwagilie. Ee, tumepatana." Kisha akauangalia ule uwanja wa kijani. "Kesho chukua kipande chake, mzizi na jani na ua, umpelekee bibi shamba. Na usinifiche tena kitu."

Bibi shamba alikuwa afisa wa kilimo wa eneo lile, mwanamke kijana mwenye ofisi ndogo iliyojaa mifuko ya mbegu na meza yenye mguu mmoja uliokalia tofali. Aliufungua mfuko wa Gia, akatoa mmea, na hapo hapo akasema, "Aa. Huyu namjua."

"Nilidhani ni kiazi kitamu," Gia alisema.

"Si wewe wa kwanza, mzee wangu. Ni ukoo mmoja, ndiyo maana maua yanafanana." Alitoka nje, akarudi na jani la kiazi kitamu kutoka shamba la majaribio, akayalaza mawili mezani. "Tazama. La kiazi ni pana, shina lake nene, linatambaa chini tu. Hili ni dogo, lina ncha kama mshale, na hapa nyuma lina masikio mawili. Shina ni jembamba kama uzi, na likikutana na kitu lazima likizunguke. Ukiona kinachozunguka, usikipe kijiti."

Gia aliona haya, lakini alicheka.

"Je, uliwahi kuleta udongo au samadi kutoka mbali?"

Swali hilo lilimgonga Gia kifuani. Miaka minne nyuma, katika safari ya kurudi na lori tupu, alipita kwenye zizi kubwa la ng'ombe akapakia samadi, akamletea mkewe kama zawadi. Mama Mwalimu alifurahi kuliko alivyowahi kufurahia kitenge.

"Siwezi kusema kwa hakika imetoka huko," bibi shamba alisema alipoambiwa. "Lakini mbegu zake zinaweza kulala ardhini miaka mingi zikingoja nafasi. Sasa sikiliza. Mizizi yake inashuka kuliko urefu wako. Huwezi kuichimba ikaisha, na ukilima kwa mashine unaigawa tu. Kinachoishinda ni njaa. Kila kinapochomoza, kikate usawa wa ardhi, kabla hakijajaza majani. Mzizi unatumia akiba yake kuchipua, unakata, unachipua, unakata. Usikiruhusu kutoa ua hata moja. Usipite siku kumi bila kuzunguka. Pasipopandwa kitu, funika kwa maboksi, tabaka juu ya tabaka, mwanga usipite. Na mabaki usiyatupe kwenye mboji, yakaushe juu ya bati mpaka yavunjike kama biskuti."

"Hakuna dawa?"

"Ipo. Pale uzioni, mbali na mboga, unaweza kuipaka kwenye majani kwa brashi, siku isiyo na upepo. Nitakuonyesha namna ya kujikinga. Lakini dawa peke yake haitoshi."

"Kwa muda gani kazi hiyo?"

"Miaka miwili. Pengine mitatu."

Gia alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa alikuwa na baiskeli, aliikokota tu. Miaka mitatu! Na kama vile mambo yamepangwa kumjaribu, jioni ile simu ikalia. Alikuwa bosi wake wa zamani. Dereva mmoja alikuwa ameugua, kuna safari ndefu ya mwezi mzima, lori jipya kabisa, hata kiti kinajirekebisha chenyewe.

Gia aliweka simu chini, akamweleza mkewe, maana alikuwa ameahidi kutoficha. Macho yake yalikuwa yanang'aa, hata yeye alijua.

"Nenda tu," Mama Mwalimu alisema, akiendelea kukunja nguo. "Binti atakuja kukaa nami. Nimezoea."

Hakulisema kwa kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma Gia. Alisubiri aone kama kuna neno lingine nyuma yake; halikuwepo. Alikuwa amezoea, basi. Miaka thelathini na mmoja ya mabomba yaliyopasuka, watoto wenye homa, na mlango unaofungwa. Gia alikwenda uani, akasimama mbele ya ule uwanja wa kijani, akahesabu. Mwezi mmoja ni siku thelathini. Siku kumi mara tatu. Gugu lingetoa maua, lingemwaga mbegu, na mwanamke mwenye magongo mawili angejaribu kuinama kulikata.

Akampigia bosi. "Nashukuru sana, mkubwa. Lakini nina kazi hapa nyumbani."

"Kazi gani wewe mstaafu?"

"Kazi ya kukata," Gia alisema, akakata simu kabla moyo haujabadilika.

Kesho yake walianza. Gia alizunguka maduka ya fanicha akaomba maboksi makubwa ya makabati na majokofu, akayafungua, akayalaza juu ya udongo yakipishana, akayalowesha maji na kuyatandazia nyasi kavu zisizo na mbegu. Mama Mwalimu alikaa kwenye kiti cha kamba, kilichohamishwa kutoka barazani, akiongoza kwa gongo moja kama trafiki.

"Hapo pana mwanya! Hapo, karibu na mguu wako. Wa kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kuna kushoto ngapi duniani?"

Shimo la mboji lililoambukizwa walilifunika hivyo hivyo, wakaanza jingine upande wa pili. Nyanya mpya wakazipanda ndani ya matairi ya lori yaliyochakaa, yaliyojazwa udongo wa nusu ile nyingine ya bustani, isiyoguswa. Na Gia akachukua daftari, kama lile la safari alilokuwa akilijaza barabarani, akaandika tarehe, idadi ya machipukizi aliyokata, na mahali. Siku ya kwanza ya kukata: mia mbili na kumi na sita. Baada ya siku nane: mia moja tisini. Baada ya siku nyingine tisa: mia mbili na tatu. Hapo alivunjika moyo kweli.

"Yanazidi," alisema, akilitupa daftari mezani.

Mama Mwalimu alilifungua. "Umeandika idadi. Hukuandika unene. Jana nimeshika yale uliyoleta. Ni membamba kuliko ya mwanzo. Yanaishiwa."

Alikuwa amesema kweli. Kuanzia mwezi wa nne wa kukata, idadi nayo ilianza kushuka. Machipukizi yalitoka njano, dhaifu, yakitafuta mwanga kwenye kingo za maboksi, na Gia aliyakata kwa kisu kidogo, amepiga magoti juu ya gunia. Alikuja kuijua bustani ile kuliko alivyowahi kuijua barabara yoyote. Alijua bilinganya kwa harufu ya jani lake. Alijua pia vitu vingine ambavyo hakuwahi kuwepo kuvijua: kwamba mkewe huimba peke yake akifikiri hakuna mtu, kwamba hapendi kabisa chai ya moto sana, ambayo Gia alikuwa amempelekea kitandani kila asubuhi bila yeye kulalamika.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaileta kwa mbwembwe. Ningekuvunjaje?"

Mwaka wa kwanza uliisha gugu likiwa bado lipo. Katikati ya msimu wa mvua, Gia aliugua mafua wiki mbili, na alipoamka alikuta maua manne yamefunguka uzioni. Aliyachuma yote, akayahesabu mara mbili, akaapa kutoruka mzunguko tena. Lakini daftari halikudanganya: mwisho wa mwaka wa pili, mzunguko mzima wa siku kumi ulimpa machipukizi kumi na moja, mengine ameyakata huku akizungumza na fundi pampu juu ya uzio bila kupoteza uzi wa maneno.

Bibi shamba alipopita kutazama, alifunua pembe ya boksi lililokuwa limeoza nusu, akakutana na udongo mweusi na minyoo inayokimbia mwanga. Akachimba kidogo kwa mkono. Uzi aliouvuta ulikuwa wa kahawia, mlaini, umeoza.

"Tuta hili mnaweza kulifungua," alisema. "Hili moja. Mengine yasubiri. Na msiache kuzunguka, hata mkiona pasafi."

Asubuhi iliyofuata walikuwa pale wote wawili, mapema. Mama Mwalimu alitembea kwa fimbo moja sasa, akichechemea kidogo, na chechemeo hilo daktari alisema halitaondoka. Yeye alisema halimzuii kitu. Alikuwa na miche ya vitunguu kwenye sinia. Gia alifunga kamba kwenye vigingi viwili, akaivuta toka mwanzo wa tuta hadi mwisho, akasogea nyuma kuitazama.

"Imepinda," mkewe alisema.

"Haijapinda. Nimeendesha lori kwenye mstari miaka thelathini na mmoja."

"Ndiyo maana nasema imepinda. Sogeza kigingi cha kule, kidogo tu. Kidogo zaidi. Haya, simama hapohapo."

Akainama polepole, mkono mmoja ukishika bega la mumewe, akautia mche wa kwanza ardhini na kuubana udongo kwa vidole.